Taka za Hospitali: Mkono wa Mwisho Ndio Unaodungwa



Wengi wetu tukisikia habari za taka za hospitali tunadhani hayo ni mambo ya waganga na wauguzi, wala hayatuhusu sisi wa viwandani na mashambani. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba yanatuhusu, tena sana. Taka hizo hazikai wodini. Hutolewa, hubebwa, hupakiwa, husafirishwa, kisha huchomwa au hufukiwa. Anayezibeba si daktari. Ni mfagizi, mpagazi, utingo wa lori, mchimba shimo na mchoma taka. Hawa ndio mkono wa mwisho. Na mara nyingi mkono huo wa mwisho ndio usioambiwa kilichomo ndani ya mfuko.

Tumechukua mfano wa Bandari ya Juba, Sudan Kusini, kwa sababu pale jambo hili linaonekana wazi. Bandari hiyo iko kando ya Bahr el Jebel, yaani Mto Nile unavyoitwa mahali pale. Malori hutoka Mombasa, hupita Uganda, huvuka mpaka Nimule, kisha hufuata barabara ya lami ya kilomita 192 mpaka Juba. Kutoka bandarini, shehena hupakiwa katika matishari kwenda Bor, Malakal na Renk. Katika safari kama hiyo mzigo mmoja hupita mikononi mwa watu wengi: huyu anasema Kiswahili, yule Kiarabu cha Juba, mwingine Kibari, Kidinka au Kishiluki. Hawajuani, na pengine hawaelewani. Mahali pa namna hiyo, jinsi mzigo ulivyofungwa na alama iliyobandikwa juu yake ndiyo lugha pekee ya wote. Lugha hiyo ikikosekana, mpagazi anabahatisha maisha yake.

YALIYOTOKEA NZARA MWAKA 1976

Mwisho wa mwezi Juni 1976, mfanyakazi mmoja wa ghala katika kiwanda cha pamba cha Nzara, magharibi ya Juba karibu na mpaka wa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, alishikwa na homa kali. Baada ya siku chache alifariki. Kisha wakaanza kuugua wenzake wa kiwanda kile kile, na jamaa zao waliowauguza.

Ugonjwa ulipofika katika hospitali ya Maridi, ulipata njia pana. Hospitali hiyo ilikuwa kubwa na yenye shughuli nyingi, na mavazi ya kujikinga yalikuwa haba. Wauguzi walishika damu na matapishi ya wagonjwa, na karibu theluthi ya wafanyakazi wa hospitali wakaambukizwa. Ugonjwa ulipomalizika mwezi Novemba, hesabu ilikuwa hivi: Nzara wagonjwa 67, Maridi 213, Tembura 3 na Juba 1. Jumla 284, na waliokufa 151. Ugonjwa huo ndio uliokuja kuitwa Ebola.

Miezi ile ile, upande wa pili wa mpaka, ugonjwa wa jamii hiyo ulizuka Yambuku, Zaire. Kila asubuhi hospitali ya pale ilitoa mabomba ya sindano 5 tu, na kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu. Waliougua walikuwa 318, na 280 kati yao walikufa.

Tuzingatie funzo lililomo. Wagonjwa wa kwanza wa Nzara walikuwa wafanyakazi wa kiwanda, watu kama sisi. Lakini kilichokuza ugonjwa ni damu, matapishi na sindano ambazo hazikutengwa na watu wazima wenye afya. Wala tusidhani kwamba hayo yamepita. Virusi vya aina ile ya Sudan vilirudi Gulu, Uganda, mwaka 2000, vikawapata watu 425 na kuwaua 224. Vilizuka tena Uganda mwaka 2022, na mwezi Januari 2025 vilitangazwa Kampala, ambako mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi.

TAKA ZIPI NI ZA HATARI?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba katika kila kilo 100 za taka zitokazo hospitalini, kilo 85 hivi ni taka za kawaida: karatasi, maboksi, maganda ya matunda, mabaki ya chakula. Kilo 15 tu ndizo za hatari. Lakini hizo 15 zikichanganywa na zile 85, basi zote 100 zimekuwa za hatari. Hii ndiyo sababu neno la kwanza katika kazi hii ni kutenga.

Taka za hatari ni za namna nyingi. Kwanza ni vitu vyenye ncha au makali: sindano, nyembe, visu vya upasuaji, vichupa vya dawa vilivyovunjika. Pili ni vitu vilivyolowa damu, usaha au majimaji ya mwili, kama bendeji, pamba, glavu na mirija. Tatu ni viungo vya mwili na kondo la nyuma. Nne ni vitu vya maabara ambamo vijidudu vimeoteshwa. Tano ni dawa zilizokwisha muda na madawa ya sumu, kama zebaki iliyomo katika vipimajoto vya zamani. Kila namna ina njia yake ya kufungwa na njia yake ya kuangamizwa.

Kubwa kwa mpagazi ni sindano. Watu 100 wasiochanjwa wakidungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, hadi 30 kati yao wanaweza kuambukizwa. Kwa homa ya ini aina ya C ni kama 2 katika 100, na kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 katika 1,000. Tena virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka. Hivyo mfuko uliotoka hospitalini Jumatatu bado unaweza kumdhuru anayeupakia Jumapili.

KUFUNGA KUNAANZIA PALE TAKA INAPOTOKA

Mzigo mbaya hautengenezwi bandarini. Hutengenezwa pale ambapo mtu wa kwanza ametupa sindano ndani ya mfuko laini. Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa yule anayezalisha taka, si wa yule anayezibeba. Kanuni zenyewe ni hizi:

1. Sindano iingie katika sanduku gumu lisilotoboka mara tu baada ya kutumika, pamoja na bomba lake. Isirudishiwe kifuniko chake, isipindwe kwa mkono, wala isiwekwe mezani kwanza.

2. Sanduku la sindano lisijazwe pomoni. Likifika robo tatu lifungwe kabisa, na lisifunguliwe tena. Asiwepo mtu wa kuliteremsha kwa kulikung'uta ili liingize zaidi.

3. Vitu vilivyolowa damu viwekwe katika mfuko mzito wa plastiki usiovuja, wa rangi iliyowekwa. Kwa desturi ya WHO, manjano ni taka zenye vijidudu na nyeusi ni taka za kawaida. Katika Kenya na Tanzania nyekundu hutumika kwa zile zenye hatari kubwa zaidi. Kila hospitali ibandike ukutani maelezo ya rangi zake, maana mfanyakazi aliyehama anaweza kukuta desturi nyingine.

4. Mfuko nao ufungwe ukifika robo tatu, kwa kamba au kwa kusokota shingo yake na kuifunga fundo. Usifungwe kwa pini za karatasi, maana pini zinautoboa.

5. Taka za ugonjwa mkali kama Ebola ziwekwe katika mfuko ndani ya mfuko, na nje yake chombo kigumu chenye kifuniko. Nje ya mfuko hupanguswa kwa maji ya klorini kabla haujatoka chumbani.

6. Kila mfuko na kila sanduku liandikwe kilichomo, mahali kilikotoka na tarehe. Mzigo usio na jina hauna mwenyewe, na mzigo usio na mwenyewe ndio unaomdhuru maskini.

7. Katika nchi zetu za joto, taka zenye vijidudu zisikae ghalani zaidi ya saa 24 wakati wa joto kali, au saa 48 wakati wa baridi. Ghala liwe na kufuli, lisiingie mbwa, panya wala watoto.

MZIGO UKIFIKA GATINI

Chukua, ndugu, kwamba wewe ni mpagazi wa Bandari ya Juba na umeletewa maboksi ya kupakia katika tishari. Utajuaje? Tazama kwanza alama. Alama ya hatari ya vijidudu ni mfano wa miezi michanga mitatu iliyopishana juu ya duara. Ilibuniwa Marekani mwaka 1966. Waliobuni walichagua kwa makusudi umbo ambalo halikuwa na maana yoyote kwa watu, ili wafundishwe maana moja tu. Basi tuelewe: alama hiyo haiwezi kumkinga mtu ambaye hajafundishwa. Mwajiri anayebandika alama bila kuwafundisha wapagazi amebandika pambo.

Kisha tazama nambari. Katika kanuni za usafirishaji za Umoja wa Mataifa, taka za hospitali huwa na nambari UN 3291. Vitu vyenye vijidudu vikali kabisa kwa binadamu huwa na nambari UN 2814. Ukiona nambari hizo, au lebo iliyosimama kwa pembe yenye tarakimu 6 chini yake, huo si mzigo wa kubeba kichwani wala mabegani. Mwite msimamizi, uliza hati ya mzigo, na hakikisha kwamba karani anajua.

Mzigo huo ubebwe kwa toroli, mbali na mwili. Mfuko ushikwe shingoni, usikumbatiwe, usiburutwe wala kutupwa. Abebaye avae glavu nzito za mpira, aproni isiyopenya maji na mabuti yenye soli ngumu. Kandambili si kiatu cha kazi hii. Mzigo usichanganywe na chakula. Tishari lililopakia mtama au unga lisiwekewe maboksi ya taka juu yake, na lori lililobeba taka lisafishwe kwa klorini kabla ya kubeba kitu kingine.

Boksi likiwa limelowa, limepasuka au linatoa harufu, lisipakiwe. Lirudishwe kwa mwenyewe alifunge upya, kwa watu wake na vifaa vyake. Damu ikimwagika chini, zuia watu wasipite, funika kwa kitambaa kinachonyonya, mimina maji ya klorini ya asilimia 0.5, ngoja dakika 15, ndipo upanguse. Ukiwa na dawa ya klorini ya asilimia 5, kipimo chake ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji. Vigae na sindano vizolewe kwa koleo au kipande cha boksi gumu, kamwe si kwa vidole.

Jambo jingine ni vyombo vitupu. Sote tunajua thamani ya debe na pipa katika nyumba ya mfanyakazi. Lakini pipa lililobeba taka za hospitali au dawa za sumu halifai kutekea maji wala kuwekea pombe, hata ukilisugua kutwa nzima. Ni afadhali litobolewe kabla halijafika sokoni.

WAPI TAKA ZIISHIE?

Sehemu nyingi njia ya kuondoa taka ni kuzimwagia mafuta ya taa ndani ya pipa na kuwasha moto. Njia hii inadanganya macho. Plastiki inayeyuka na moshi wa sumu unapanda, lakini sindano inabaki sindano, nayo huwangoja watoto wanaochokora jaa wakitafuta vyuma vya kuuza.

Tanuri linalofaa lina vyumba viwili vya moto na bomba refu la moshi, na katika chumba cha pili moto hufika nyuzi 850 za Selsiasi au zaidi. Jivu lake hutiwa katika shimo maalumu, maana vyuma vimo bado. Makopo yenye hewa ya shinikizo yasitiwe motoni, kwani hulipuka. Zebaki nayo isichomwe, kwani mvuke wake ni sumu. Njia nyingine nzuri ni mtambo wa mvuke, ambao kwa nyuzi 121 na muda wa kutosha huua vijidudu pasipo kutoa moshi wa tanuri.

Pasipokuwa na tanuri wala mtambo, taka zifukiwe katika shimo lililozungushiwa uzio na kufunikwa. Shimo liwe angalau mita 50 kutoka kisimani au mtoni, na chini yake pabaki mita 2 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Kwa kipimo hicho ni dhahiri kwamba ukingo wa mto si mahali pa kufukia, maana wakati wa mvua maji ya ardhini hupanda na kulifikia shimo.

Juba hili si la kubishania. Wakazi wengi hununua maji yanayoletwa kwa magari ya tangi kutoka Mto Nile. Mwezi Mei 2014 kipindupindu kilitangazwa katika mji huo. Mwezi Oktoba 2024 kilitangazwa tena nchini, kikiwa kimeanzia Renk, ule ule mwisho wa safari ya matishari, kisha kikaufikia na mji wa Juba. Mto unaobeba mzigo wetu ndio unaotunywesha. Anayetupa mtoni ndoo ya kambi ya wagonjwa amewatupia wote walio chini ya mkondo.

UKIDUNGWA, FANYA HIVI

Usinyonye jeraha, wala usiliminye kwa nguvu. Osha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Damu ikikurukia machoni, osha kwa maji safi tupu kwa muda mrefu. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ziko dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, lakini ni lazima zianzwe kabla ya kupita saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu katika muda wa miezi 6. Kila mtu anayeshika taka hizi achanjwe kabla ya kuanza kazi, si baada ya ajali. Chanjo ya pepopunda nayo isisahauliwe.

Halafu, ndugu, ajali hiyo iandikwe. Iandikwe katika daftari la ajali siku hiyo hiyo: saa, mahali, mzigo ulikotoka na majina ya walioona. Homa ya ini inaweza kuonekana baada ya miezi kadhaa, na madhara yake makubwa baada ya miaka. Siku hiyo mfanyakazi akidai fidia ataulizwa ushahidi. Daftari ndilo litakalomsemea.

WAJIBU WA MWAJIRI NA WAJIBU WETU

Msidhani haya ni ya Juba peke yake. Mashamba mengi makubwa ya chai, miwa na mkonge katika Afrika ya Mashariki yana zahanati zake, na viwanda vingi vina chumba cha huduma ya kwanza. Kila panapodungwa sindano pana taka. Nendeni mkaangalie: sindano za zahanati yenu zinaingia wapi? Nani anazibeba? Zinachomwa au zinatupwa nyuma ya kambi za wafanyakazi, ambako watoto wetu wanacheza?

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini mpagazi aliyechomwa na sindano iliyofichika katika mfuko hakujidunga. Amedungwa na aliyeitupa ovyo, na aliyeona glavu ni gharama, na aliyempa mzigo bila kumwambia kilichomo. Wao ndio wa kuulizwa.

Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulipitishwa mwaka 1981, na mwaka 2022 ukatiwa katika mikataba ya msingi ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu kanuni zake. Sudan Kusini ni mwanachama tangu mwaka 2012. Mkataba huo unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi, akiwa na sababu ya haki ya kuamini kuwa pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Basi kukataa kubeba boksi linalovuja damu si uvivu wala ukorofi.

Hata hivyo mtu mmoja akikataa peke yake, kesho nafasi yake hupewa mwingine mwenye njaa. Kwa hiyo kila tawi lifanye mambo manne. Kwanza, lichague wajumbe wawili wa usalama watakaokagua jinsi taka zinavyofungwa na kutupwa. Pili, lidai glavu, mabuti, aproni, sabuni na chanjo kwa wote wanaoshika taka, pamoja na vibarua wa kutwa, maana sindano haiulizi barua ya ajira. Tatu, liwafundishe wanachama wote alama na nambari tulizozitaja, kwa lugha zao. Nne, lihakikishe kuwapo kwa daftari la ajali, na kwamba linaandikwa.

Mambo hayo hayahitaji mitambo ya gharama. Sanduku gumu la sindano, mfuko usiovuja, jina juu ya mzigo na jozi ya mabuti ni vitu vidogo katika hesabu ya mwajiri. Kwa mpagazi wa gatini ni vitu vinavyompa nafasi ya kurudi nyumbani jioni akiwa mzima kama alivyotoka asubuhi.